Anwani za IP Zinazoaminiwa na Seva ya Barua Pepe

Ndugu wasikilizaji,

Naomba tutenganishe mambo mawili tangu mwanzo. Kuiwekea seva ya barua pepe orodha ya anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine mtandaoni) zinazoaminiwa si kuifungia dunia poti 25, yaani mlango ambao seva hupokelea barua, kwa sababu barua za kutoka nje huingia kwa poti hiyo hiyo, na ukiizuia hakuna wa nje atakayeweza kukuandikia. Tunachozuia ni watu kuitumia seva yetu kama njia ya kupitishia barua ziendazo kwa wengine. SMTP, yaani kanuni ya kutuma barua pepe, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kumpitishia mgeni barua yake ulikuwa uungwana tu. Watuma barua taka ndio walioukomesha.

Katika Postfix, mojawapo ya programu za kuendeshea seva ya barua pepe, orodha hiyo huitwa mynetworks. Kabla ya toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2015, Postfix isiyoelekezwa vingine iliamini mtandao mdogo wote iliomo, hivyo aliyekodi seva kwenye kituo cha data aliweza kuwaamini majirani asiowajua. Tangu hapo huiamini mashine yenyewe tu. Mwenye kuandika /24 mwishoni mwa anwani, alama inayoonyesha ukubwa wa kundi la anwani, ameziamini anwani 256, na mwenye /16 anwani 65,536, ilhali mara nyingi mhitaji ni printa moja yenye skana isiyoweza kuingiza nywila. Iandikieni anwani yake peke yake, yaani /32. Binadamu, kwa maoni yangu, asiwemo kabisa: atumie poti 587, kwa nywila na muunganisho uliosimbwa, kwani simu yake huenda inatumia anwani moja na wateja wengine wengi wa kampuni yake ya simu.

Kosa linalowapita hata mafundi wazoefu hutokea seva inapokaa nyuma ya ruta au proksi (seva ya kati) inayobadilisha anwani ya mtumaji. Hapo kila anayeunganisha, wa Mbagala na wa ng'ambo, huonekana ametoka 192.168.1.1, na anwani hiyo, kwa kuwa ni ya ndani, imo kwenye orodha. Orodha ni nadhifu, lakini seva iko wazi kwa wote. Fungueni logi, yaani kumbukumbu za seva: mkiona wageni wote wanatoka anwani moja, rekebisheni ruta kwanza. Kisha, mkiwa kwenye mtandao wa nje usiozuia poti 25, jaribuni bila nywila kutuma barua kwa anwani isiyo ya kwenu. Seva iliyopangwa vizuri itakataa kuipokea.