Kudhibiti Kikwapa kwa Njia za Asili: Osha, Kausha, Ndipo Upake

Kabla ya kitu chochote, chukua fulana uliyoivaa jana, igeuze ndani nje, nusa sehemu ya kwapa. Kisha nenda ukaoge, jikaushe, nusa kwapa lako lenyewe. Mara nyingi kwapa litakuwa halina neno, fulana ndiyo inayonuka. Iweke fulana hiyo kando, tutaihitaji mwishoni mwa video.

Jasho likitoka mwilini halinuki. Tuna tezi za jasho za aina mbili. Zilizotapakaa mwili mzima hutoa maji yenye chumvi, na kazi yake ni kupoza mwili. Aina ya pili huitwa apokrini, ziko hasa makwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, na huanza kazi mtu anapobalehe. Ndiyo maana mtoto mdogo hukimbia kutwa nzima, akarowa jasho, na kikwapa asiwe nacho. Jasho la apokrini ni zito kidogo, lina mafuta na protini. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa hulivunjavunja, na yanayobaki baada ya wao kula ndiyo yanayonuka: asidi zenye ukali wa kuvunda, na viambato vya salfa vinavyokaribia harufu ya kitunguu kilichokaa.

Kwa hiyo tunapambana na bakteria na unyevu wao kwanza, chakula baadaye. Wengi hugeuza mpangilio huu, wanaacha nyama mwezi mzima huku kwapa halijasuguliwa ipasavyo hata siku moja.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Paka sabuni kwa kiganja moja kwa moja kwenye kwapa, mkono ukiwa juu ili ngozi ivutike na mikunjo ifunguke. Sugua kwa sekunde 30. Povu linaloteremka kutoka shingoni halihesabiki. Kama nywele ni ndefu, sabuni huishia kwenye nywele bila kufika kwenye ngozi, hivyo zipunguze kwa mkasi au zinyoe. Huna haja ya kubaki kipara, zikiwa fupi inatosha. Suuza mpaka utelezi uishe, kausha kwa taulo safi kwa kugusagusa bila kusugua, kisha acha mikono wazi dakika mbili au tatu. Hapo ndipo watu huharakisha. Kwapa lenye unyevu likifunikwa kwa nguo, bakteria wamepewa makao.

Kama unaoga asubuhi tu na harufu inarudi kabla ya saa sita mchana, osha makwapa na usiku pia. Jasho la mchana kutwa likilala nawe, asubuhi unaanza na bakteria wengi.

Sasa diodoranti. Tuelewane: diodoranti hupunguza harufu, haizuii jasho. Dawa ya kuzuia jasho ni kitu kingine, hutumia chumvi za alumini kuziba kwa muda mdomo wa tezi. Ukihamia kwenye ya asili utaona kwapa limelowa, na hilo si kasoro. Angalia kama linanuka, usiangalie kama limelowa. Waliozoea dawa ya kuzuia jasho huona siku za mwanzo, pengine wiki kadhaa, zikiwa ngumu, kwa sababu jasho limerudi na mchanganyiko wa bakteria kwapani unabadilika. Udongo ambao wengine hupaka ili "kutoa sumu kwapani" hauharakishi chochote. Kazi ya kutoa taka mwilini ni ya ini na figo.

Tunatengeneza ya kupaka. Utahitaji vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya nazi, vijiko vikubwa 3 vya wanga wa mahindi, yaani ule unga mweupe laini unaolia ukiubana kati ya vidole, kijiko kimoja cha chai cha nta ya nyuki iliyokunwa, na kijiko kimoja cha chai cha beking soda. Soma jina kwenye pakiti vizuri: beking pauda ina asidi ndani yake na haifai hapa, na magadi ya kufulia ni makali mno kwa ngozi.

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanataka robo kikombe cha beking soda. Usifuate. Ngozi ya mtu ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ni kama 5, na beking soda iko juu ya 8. Ukiipaka nyingi kila siku, ngozi inakauka, inakuwa nyekundu, mwishowe inabadilika rangi na kuwasha. Watu wanaosema "diodoranti ya asili imenichoma", mara nyingi walichomwa na kipimo.

Weka bakuli la glasi juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, kitako kisiguse maji. Tia nta kwanza kwa sababu huchelewa kuyeyuka, inahitaji zaidi ya nyuzijoto 60. Ikishakuwa maji, tia mafuta ya nazi, koroga, ondoa bakuli motoni. Sasa tulia. Ukimwaga unga kwenye mafuta ya moto, wote utazama chini na kopo litaganda tabaka mbili, juu mafuta matupu, chini unga mgumu kama chokaa. Subiri mpaka pembeni mwa bakuli paanze kuwa na weupe kama ukungu. Hapo chekecha wanga na beking soda pamoja, mimina kidogokidogo huku unakoroga. Beking soda haiyeyuki kwenye mafuta, chembe zake hubaki chembe, na usipochekecha zitakukwaruza kama mchanga.

Ukitaka harufu nzuri, ongeza matone 6 ya mafuta ya lavenda mchanganyiko ukiwa umebakia uvuguvugu tu. Usizidishe, mafuta haya ni makali kuliko yanavyonukia. Endelea kukoroga mpaka uzito uwe kama wa uji mzito, mimina kwenye kopo dogo lililokauka kabisa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Ile nta ndiyo inayoshika mchanganyiko siku za joto, na bado ukiona umelegea ongeza nusu kijiko cha chai cha nta mara nyingine.

Jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, kiasi cha punje ya dengu, na uache saa 24. Kukiwa shwari, chukua kiasi kama cha punje ya njegere kwa kila kwapa, kisugue kati ya vidole kiyeyuke, kipake kiwe utando mwembamba. Subiri dakika tatu kabla ya kuvaa. Ukizidisha, harufu haitapungua zaidi. Utaongeza tu madoa ya mafuta kwenye shati. Na usipake mara baada ya kunyoa, nyoa usiku upake asubuhi. Usichovye kidole kibichi kwenye kopo: mchanganyiko huu hauna maji, ndiyo maana hauhitaji dawa ya kuzuia kuoza, lakini ukiingiza maji umeingiza kuvu.

Ngozi ikikataa, acha kabisa, osha kwa maji matupu, na usirudi mpaka upele uishe. Raundi inayofuata ondoa beking soda, weka kijiko kimoja cha chai cha unga wa magnesi hidroksidi. Huu nao si asidi, ila huyeyuka kidogo sana majini, kwa hiyo wengi wanauvumilia.

Usiyetaka kupika kitu, kuna shabu, lile jiwe la chumvi la kupaka kwapani. Lowesha jiwe, pitisha kwapani mara tano au sita kwapa likiwa safi, suuza jiwe, likaushe na ulihifadhi pakavu. Likianguka likavunjika, kingo zake hukata, zisugue kwenye maji ziwe laini kwanza. Shabu inafanya kazi, lakini ni chumvi ya alumini. Kama sababu yako ya kuhama ni kukimbia alumini, hapa hujahama.

Siki nayo hutumika: kipimo 1 cha siki, vipimo 4 vya maji, pangusa kwa pamba usiku, suuza asubuhi. Ndimu tunakushauri uiache. Maji yake ni makali, na yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaweza kuleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi.

Tuje kwenye chakula, na hapa pana maneno mengi kuliko ushahidi. Mwaka 2006 watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha jaribio la wanaume 17 waliokula nyama nyekundu kwa wiki mbili na kuiacha wiki mbili. Wanawake walionusa vitambaa vya kwapani waliona harufu ya kipindi bila nyama ni nafuu zaidi. Ni jaribio dogo, lakini linatosha kukushawishi ujaribu. Kitunguu saumu ndicho kinachoshangaza. Kila mtu anakilaumu, na kweli kiambato chake kimoja cha salfa huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi saa nyingi baadaye, hata upige mswaki mara ngapi. Ila jaribio jingine, la mwaka 2016, lilionyesha harufu ya kwapa ya wanaume waliokula gramu 12, kama punje nne, ilipendeza zaidi kuliko walipokuwa hawajala. Mdomo na kwapa ni mashauri mawili tofauti.

Pilipili, kahawa na pombe huongeza jasho kwa watu wengi, basi siku ya usaili au ya safari ndefu ziweke mbali. Uwatu ukiuzidisha, jasho na mkojo hunukia utamu kama sukari iliyoungua. Hauna madhara, ila usishtuke. Ukipunguza sana vyakula vya wanga, pumzi inaweza kunuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Vidonge vya klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea, vinavyodaiwa kuondoa harufu, ushahidi wake hafifu, okoa fedha zako. Na maji kunywa kwa afya yako, lakini maji ya kunywa hayaoshi kwapa.

Namna ya kujaribu ni hii: badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, sabuni na diodoranti zibaki zilezile. Ukiacha nyama, kahawa na kitunguu kwa mpigo mmoja, hutajua kipi kilisaidia.

Kuna harufu ambazo jikoni hapaziwezi. Harufu ya samaki isiyoisha kwa kuoga yaweza kuwa trimethilaminuria, hali ambayo mwili unashindwa kuvunja kiambato kinachotokana na vyakula kama mayai, maini na samaki, hiyo inapimwa. Harufu tamu ya matunda pamoja na kiu kali, kukojoa sana na kutapika ni dalili ya hatari ya kisukari, wahi hospitali siku hiyohiyo. Jasho la usiku linalolowesha shuka huku unakonda, au majipu ya kwapani yanayorudirudi, mwone daktari.

Sasa leta ile fulana. Soma lebo yake. Utafiti uliofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha fulana za watu 26 baada ya mazoezi ya baiskeli, na zile za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba. Poliesta hainyonyi jasho, lakini hushika mafuta ya mwili, na kufua kwa haraka hakuyatoi. Kama kuna doa la diodoranti, lisugue kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kisha loweka fulana ikiwa ndani nje kwenye lita 4 za maji na kikombe kimoja cha siki, dakika 30. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Suuza, fua kama kawaida, usitie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu huacha utando unaoshika harufu, anika juani ikiwa bado ndani nje. Ikikauka nusa tena, safari hii ukiipasha joto kidogo kwa kiganja, maana harufu iliyolala huamshwa na joto. Ikiwa bado inanuka, rudia mara moja. Isipotoka hapo, ikate iwe tambara la kudekia.