Figo Zinapougua, Tuutazame na Ubongo

Ndugu zangu wa Mwanza, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe na Sengerema, nimeombwa nizungumzie figo, nami naomba niuzungumzie na ubongo, kwa sababu viungo hivi viwili huumia kwa njia moja.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kiasi cha humusi yake huenda kwenye figo, na kama asilimia 15 kwenye ubongo. Mishipa midogo inayolisha vichujio vya ndani kabisa ya figo, pamoja na ile inayopenya hadi kitovu cha ubongo, huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye mishipa mikubwa. Sisi wakazi wa vilima vya mawe tunajua yanayoipata nyumba iliyounga bomba jembamba kwenye bomba kuu: msukumo wa maji ukizidi, haina kinga.

Presha ikikaa juu kwa miaka, au sukari isipodhibitiwa, kuta za mishipa hiyo hunenepa na kukakamaa. Figo huanza kuvujisha albumini, protini inayopaswa kubaki katika damu. Ubongoni, vijisehemu vidogo hufa kwa kukosa damu, na nyuzi zinazounganisha sehemu zake huharibika. Figo zikichoka, chumvi hubaki mwilini na presha hupanda zaidi.

Madhara haya hayaji daima kwa kishindo cha kiharusi. Mzee huanza kufikiri taratibu, hatua zake hufupika, hesabu za dagaa alizozimudu miaka yote humshinda, na nyumbani wanasema ni uzee. Hilo linaniumiza, kwa maana lipo la kufanya: utafiti wa SPRINT wa Marekani, ambao matokeo yake kuhusu ubongo yalitolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, badala ya kuridhika na chini ya 140, kulipunguza udhaifu wa awali wa kumbukumbu na fikra.

Picha ya ubongo ni ghali. Kijiti cha kupima mkojo si ghali. Anayepimwa presha aombe na mkojo upimwe, hasa wachukuzi wa mwaloni wanaomeza diklofenaki kila jioni, dawa ya maumivu inayoweza kuzidhuru figo. Protini ikionekana, kipimo kirudiwe, kwani homa au kazi nzito huweza kuileta kwa muda. Ikidumu zaidi ya miezi 3, figo zina ugonjwa, na mgonjwa huyo aulizwe pia kuhusu kumbukumbu yake na mwendo wake.