Nondo wa Machweo na Rangi Zake

Mabibi na mabwana, nakipitisha kisanduku hiki mkono kwa mkono. Kielekezeni dirishani, kisha mkiinamishe kidogo kidogo.

Aliyemo ni nondo wa machweo wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus. Si kipepeo. Nondo tuliyemzoea ni yule wa kijivu anayezunguka taa usiku. Huyu huruka mchana kweupe. Mabawa yake meusi yana michirizi ya kijani, na ya nyuma yanawaka wekundu, dhahabu na buluu hadi kwenye mikia yenye pindo jeupe. Dru Drury, Mwingereza aliyemweleza mwaka 1773, alimhesabu miongoni mwa vipepeo, na simlaumu. Inadhaniwa kichwa cha mdudu wake kilipotea safarini, mtu akabandika cha kipepeo chenye vipapasio vilivyovimba nchani. Vya nondo huyu ni vyembamba tu.

Weusi mnaouona ni rangi hasa. Wekundu na kijani havimo. Ukilisaga bawa hili hupati unga mwekundu hata chembe! Bawa limeezekwa kwa magamba madogo mno, na kila gamba ni tabaka juu ya tabaka, kati yake hewa. Mwanga ukipiga, sehemu hurudi kutoka tabaka la juu, sehemu kutoka la chini. Zikikutana, mwanga wa rangi fulani hupata nguvu na wa nyingine hufifia. Mmewahi kuona mafuta yanavyometameta juu ya dimbwi gereji? Ni jambo lilelile. Ila magamba haya yamepinda, basi mwanga wa gamba moja hudundia kwa jirani yake, na rangi mbili huchanganyika. Mtengenezaji wa kitenge angetamani ufundi huu.

Kiwavi wake hula majani ya Omphalea, mmea wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata akiota mabawa. Kwa hiyo mng'aro ule ni onyo kwa ndege. Kwa Kimalagasi, lugha ya Madagaska, neno lolo ni kipepeo na pia ni roho ya marehemu, na nawaelewa Wamalagasi.

Nasi tunaye ndugu yake, Chrysiridia croesus, Tanzania, Kenya na Msumbiji. Naye hula Omphalea, naye huruka mchana, na wengi wetu tukipishana naye msituni tunamwita kipepeo.

Kisanduku kimefika nyuma? Mama wa pale dirishani, wewe umeona rangi gani? Na kijana aliye kivulini?