Nyumba ya Mji Mkongwe: kibali kwanza, nyundo baadae

Assalam aleikum jamani, leo nimekuja na kamera mpaka ndani ya nyumba ya bibi yetu huku Mji Mkongwe, Zanzibar, angalieni plasta inavyopukutika na ile boriti ya katikati imeshaliwa na mchwa, na najua wengi wenu mna nyumba kama hii mnataka muikarabati wenyewe kidogo kidogo. Basi nyundo iwekeni chini kwanza.

Cha mwanzo, jua nyumba ya nani, na ujue kwa karatasi sio kwa maneno ya ukoo. Nyumba nyingi huku ni za wakfu au za serikali, unaweza kukaa humo tokea utoto na bado ukawa mpangaji tu. Kama ni ya wakfu nenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa chokaa, na kama ni ya urithi basi warithi wote wakubali kwa maandishi, hata ami alieko Muscat.

Haya, mpitie sheha, yaani kiongozi wa mtaa wako, halafu ndo uende kuomba kibali Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mamlaka hii ipo tokea 1985, na mji wetu umeingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo mlango wa nakshi, dirisha, roshani, baraza ya nje, kuongeza ghorofa, vyote ulizia kabla hujavigusa. Chukua picha za kila pembe na mchoro unaoonesha kilichopo na unachotaka kubadilisha. Wakija kukagua usiwafiche ufa, waoneshe.

Sasa sogea hapa utazame ukuta huu. Miaka ya nyuma fundi alitupaka saruji, sisi tukafurahi mana ilikauka haraka, kumbe jiwe la matumbawe na chokaa linanyonya maji na kuyatoa, ukilifunga kwa saruji unyevu na chumvi vinabaki ndani, na ikibanduka inaondoka na jiwe lenyewe. Tumia chokaa, na fundi mwambie hivyo siku ya kwanza mnapopatana bei.

Na jirani mwambie mapema. Boriti za mikoko ni fupi, ndo mana vyumba vyetu vyembamba, na vichwa vyake vimekaa ndani ya ukuta huo huo ambao na yeye anautegemea. Ukuta wa kati usiutoe kwa kukisia, tafuta injinia. Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, sehemu yake iliporomoka 25 Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafariki, mimi kila nikipita Forodhani roho inaniuma.

Kibali kikitoka soma masharti yote, toa kopi, moja ikae kwenye nyumba muda wote wa kazi. Yetu hii hapa nimeibandika nyuma ya mlango. Fundi wa chokaa anaanza Jumamosi inshallah, ntawarikodia tunavyoitegemeza dari kabla ya kuitoa hii boriti mbovu.