Kabla ya namba, nionyesheni chupa

Asanteni, kaeni kaeni. Najua wengine mmeshanisikia nikilisema hili na nitalisema tena, manake bado ripoti zinaletwa mezani na jedwali safi la metali, desimali tatu, halafu hakuna hata mstari mmoja unaosema maji yalichotwaje, na nani, kwa chupa gani. Madhara ya metali kama risasi na zebaki kwenye maji mnayajua, siyarudii. Leo ni chupa tu.

Mchukueni Clair Patterson. Huyu mwanakemia Mmarekani hakuanza na maji, alikuwa anatafuta umri wa dunia, anapima risasi kwenye kimondo kwasababu urani, metali ya mionzi, ikioza polepole inaishia kuwa risasi, kwahiyo risasi inamhesabia miaka, na namba zinamgomea. Kila akipima risasi imezidi. Inatoka wapi? Kwenye hewa, kwenye vumbi, kwenye vyombo, kwenye asidi yenyewe anayotumia, kwenye nywele za watu waliomo ndani. Ikabidi ajenge maabara ya usafi wa ajabu, kila kitu kinasuguliwa, kemikali anazisafisha upya mwenyewe, na mwaka 1956 ndio akachapisha jibu, miaka bilioni 4.55, na mpaka leo tuko hapohapo.

Sasa usafi uleule akaenda nao baharini. Akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini, yaani mzigo umeingia karibuni tu tena kutokea hewani, na chanzo kikubwa kilikuwa petroli iliyotiwa risasi tangu miaka ya 1920. Wenye viwanda wakampinga kwelikweli. Petroli hiyo ya magari imekuja kuisha duniani 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, hebu hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Lakini ninachotaka mshike ni hiki. Kipindi hichohicho maabara zingine zilikuwa zinatoa namba za risasi ya bahari zilizokuwa juu mno, na walikuwa wasomi kabisa, wenye vifaa vizuri. Walikuwa wanapima meli yao, waya wao, chupa zao. Miaka ya 1970 wengine walipoanza kufanya usafi kama wa Patterson, zinki, shaba, karibu kila walichogusa kikashuka, kingine mara 10, kingine mpaka mara 1,000, na bahari ni ileile!

Fanyeni hesabu ndogo. Lita moja ya maji ya bahari yenye nanogramu 10 za risasi. Ikidondoka mikrogramu 1 tu, yaani nanogramu 1,000, ya risasi toka kwenye vumbi, ambayo huioni kwa macho, utasoma nanogramu 1,010. Sasa utaandika nini kwenye ripoti?

Kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, mashine zetu ni za kisasa. Ndugu yangu, mashine ikiwa kali inauona uchafu wako vizuri zaidi! Haijui kama risasi imetoka mtoni au kwenye kifuniko cha chupa.

Na msidhani kosa linapandisha tu, linashusha pia, na hapo ndio mimi silali. Chukua maji ya kisima yasiyo na oksijeni, yenye chuma na aseniki, ile sumu. Yametoka safi, yanang'aa, unayatia kwenye chupa bila kuweka asidi ya naitriki, ile inayozuia metali zisigande na kuzama, unaondoka. Njiani yanapata hewa, chuma kinageuka kutu, kutu inaikamata aseniki na kuzama nayo chini. Maabara wanapima maji ya juu, wanakuandikia salama. Watu wanaendelea kunywa! Na Bangladesh mnaijua, visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi ili watu waepuke maji machafu ya madimbwi, nia njema kabisa, vikakaguliwa vijidudu, aseniki haikukaguliwa mpaka ilipogundulika 1993. Uchunguzi mkubwa uliofuata ukakuta asilimia 27 ya visima vifupi vimepita mikrogramu 50 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ni 10. Kwa maji ya namna hiyo, tone la asidi kwenye chupa ni suala la maisha ya mtu.

Mtaniambia hela hakuna. Sisemi mjenge maabara ya Patterson. Osha chupa ya plastiki kwa asidi, ifunge kwenye mifuko miwili, nendeni wawili, mmoja anagusa chupa tu na mwingine anagusa vitu vingine vyote, chuja palepale kisimani halafu ndio weka asidi. Na beba sampuli tupu, yaani maji safi kabisa yanayopitia safari yote hiyohiyo, ukikuta metali humo ujue ni zako. Hicho ni kiasi gani cha hela jamani?

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuongelea aina mbili za metali ya kromu, ya sita na ya tatu, kwamba jumla peke yake haikwambii sumu, tutaiacha. Zebaki kwa haraka: msiibebe kwenye chupa ya kawaida ya plastiki, inapita kwenye ukuta wa chupa, tumieni kioo.

Na aliyeniletea kikaratasi kuhusu kuchemsha: kunaua vijidudu, sawa, ila aseniki haiondoki, na maji yakipungua kwa mvuke kiasi chake kwa lita kinapanda. Haya, maswali.