Mali na Maua katika Tungo Zetu

Walimu wangu, wazee, na nyinyi vijana watunzi, nashukuru kwa kunialika.

Wapo wanaosema mali imevamia nyimbo zetu juzi tu, na muziki wa kizazi kipya. Sikubaliani nao. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, katika Al-Inkishafi, utenzi wa mapema karne ya 19, aliwaelezea matajiri wa mji wake pamoja na fahari yao yote: taa zao, vitanda vyao na mito yake ya kijani, sahani zilizopangwa kwenye vidaka vya ukutani. Mali imo, tena kwa raha zake. Lakini endelea kusoma. Katika vidaka vile vile vya sahani sasa wanalala makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu, ngende wanalia kumbini, bundi anakoroma ndani ya nyumba. Mshairi yule aliweza kuipima dhahabu kwa sababu alikuwa na cha kuipimia.

Kukosekana kwa kipimo hicho cha maumbile ndiko kunakonisikitisha leo. Gari likitajwa katika wimbo, halina mti wa kuegeshwa chini yake. Chupa, saa, nyumba ya ghorofa, vyote vinapita, na humo hamna mvua, hamna kusi wala kaskazi. Msikilizaji anabaki na bei.

Chukueni asumini. Wanaotunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, wanajua kwamba huchumwa jioni ingali tumba, ikachanganywa na mkadi na rehani, kisha ikafumbuka usiku kwa aliyeivaa. Basi mwimbaji wa taarabu akimwita mpenzi wake asumini, ameshasema kusubiri, ameshasema usiku, ameshasema harufu inayobaki kwenye mto asubuhi. Gari la kifahari linasema nini zaidi ya kwamba limenunuliwa?

Siwalaumu vijana, nasema kwa moyo wangu wote. Mtu aliyekulia kwenye ua uliomwagwa zege lote, ua la kunukia kama kilua ataliimbaje? Sisi wakubwa ndio tuliokata miti ile tupate chumba cha kupangisha, halafu tunashangaa tungo zimekauka.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwanza kwa walimu wa shule. Kabla ya kumfundisha mtoto vina na mizani, mpeni mche wa asumini aumwagilie. Ukichanua, mwambieni atunge. Na akitaka kutia gari humo, mwacheni atie.

Nimemaliza. Karibuni kwa maswali.