Laina na Kifuniko cha Pikapu: Anza na Ukingo

Karibuni, kaeni. Naona baadhi yenu mmeshika vipeperushi vya maduka ya vipuri. Viwekeni chini kwanza, maana humo laina, ile ngozi ya kulinda bodi ya mzigo kwa ndani, iko ukurasa huu, na kifuniko cha kufunika bodi hiyo kwa juu kiko ukurasa ule, kana kwamba havijuani. Mtu ananunua laina leo, miezi miwili baadaye anapenda kifuniko cha jirani, anakinunua, kisha anamtwisha fundi kazi ya kupatanisha vitu visivyopatana. Fundi naye hakatai kazi. Anachukua msumeno.

Vitu hivi viwili vinakutana kwenye ukingo wa juu wa bodi, pale unapoegemeza mkono ukiangalia mzigo. Juu ya ukingo ndipo unapokaa mpira wa kuzibia wa kifuniko. Chini yake, kwa ndani, kuna mdomo wa bati unaoning'inia, na hapo ndipo vibano vya kifuniko vinaposhika. Kwa hiyo laina yoyote inayopanda juu ya ukingo imekalia kiti cha kifuniko.

Chukueni laina ya plastiki ya kutumbukiza, ile inayokuja imeshafinyangwa kwa umbo la bodi. Iko ya aina mbili. Moja inaishia chini ya ukingo, nyingine inapanda na kuufunika. Muuzaji atakusifia hii ya pili, kwamba inalinda hadi juu. Kweli inalinda. Lakini ukifungia kifuniko juu yake, kibano kinabana plastiki badala ya bati. Plastiki ikipata jua inalainika na kutanuka, usiku inajikunja, na kila ikifanya hivyo bolti inalegea kidogo. Mwisho wake kifuniko kinaanza kugonga barabarani, au kinahama upande mmoja na ndimi za kitasa hazifiki tena kwenye matundu yake.

Najua kuna mtu ananijibu kimoyomoyo: "Nitakata nafasi ya vibano." Sawa, kata. Ila kata kwenye laina inayoishia chini ya ukingo, mkato mpana kuliko kibano kwa kidole kimoja kila upande, ili plastiki ikitanuka isikisukume kibano. Ile inayofunika ukingo ukiikata ili mpira wa kifuniko ukae kwenye bati, utaikata urefu wote wa pande zote mbili. Ulilipia nini, basi?

Na maadamu tuko kwenye plastiki, tumalizane nayo. Haishiki rangi ya bodi, inakaa juu yake tu. Mchanga unaingia chini, gari linatikisika, na chembe zile zinafanya kazi ya msasa kwenye kila mgongo na kona. Maji nayo yanaingia na hayaoni jua. Kutu inaanza bila wewe kujua kwa sababu ukitazama kwa juu plastiki inang'aa. Ukiichagua, kubali masharti: itoe walau mara mbili kwa mwaka, osha chini yake, hakikisha matundu ya kutolea maji kwenye pembe za bodi hayajaziba, paka rangi palipochubuka. Na usiruhusu itobolewe kwa skrubu. Kila tundu la drili lisilopakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ni mlango wa kutu.

Sasa laina ya kupuliza. Hii inagandamana na bati lenyewe, na ikipulizwa vizuri sakafuni ina unene wa milimita 2 hadi 3. Maji hayapiti chini yake, mzigo hautelezi. Mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayebeba mizigo mizito. Lakini ubora wake uko kwenye maandalizi: bodi inasafishwa mafuta na nta, inapigwa msasa mpaka mng'ao wote ufe, inapanguswa, inakauka kabisa. Unyevu ni adui hapa. Dawa ya poliuretani, hiyo inayopulizwa, ikikutana na maji inatoa gesi, na mnaona vipele na mapovu. Palipobaki mng'ao, inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Na haitibu kutu. Ukipuliza juu ya kutu, umeificha tu, nayo itaendelea kula bati huko chini. Kwa wale wa kupaka kwa rola nyumbani, maandalizi ni hayo hayo, makoti mawili, unene mdogo zaidi. Vaeni barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali, kile kitambaa cha vumbi hakitoshi.

Turudi ukingoni, maana hapa ndipo mafundi wa kupuliza wanaponiudhi. Bila kuulizwa, wanapuliza mpaka juu, "ipendeze". Laina ya kupuliza ina chembechembe kama sakafu ya saruji isiyopigwa lipu laini. Mpira wa kifuniko ukikaa juu ya vile vilima, maji yanapita kwenye mabonde. Mwambieni fundi kabla hajafungua mashine: piga tepe, ishia chini ya mdomo wa ukingo, uso wa juu ubaki bila laina. Aliyekwisha kupuliziwa juu asikate tamaa. Piga msasa ile sehemu inayogusana na mpira mpaka iwe tambarare, kisha ongeza utepe wa mpira wa povu, ule usionyonya maji. Ukiweka sponji ya kawaida, umeweka utambi.

Mnataka kujua kama mpira wenu unakaa? Chukua kipande cha karatasi, kiweke ukingoni, funga kifuniko, vuta. Kikitoka bila ukaidi, maji yatapita hapo. Zungukeni hivyo bodi nzima, kila shibiri moja. Mtakuta pembe mbili za mbele, nyuma ya kabini, ndizo mbovu karibu kila mara, na kule kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu mlango huo haukutengenezwa kuzuia maji. Asiwadanganye mtu: kifuniko kinapunguza maji, hakigeuzi pikapu kuwa ndoo iliyofunikwa.

Mpangilio basi ni huu: laina kwanza, ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye dawa yake, ndipo kifuniko. Vibano vikazwe kwa zamu kushoto na kulia, bila nguvu za mieleka, maana mdomo wa ukingo unapinda. Baada ya wiki moja ya safari, vikazwe tena. Bodi ikiwa ya alumini, weka kipande cha mpira au plastiki nyembamba kati yake na kibano cha chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa.

Muda unanikimbia, na sijagusa kufuli.

Kifuniko kina kufuli moja tu la kweli, nalo ni la mlango wa nyuma. Vifuniko vingi havina funguo za nje: ndimi zake zinafunguliwa kwa ndani, kwa kuvuta waya au komeo. Mwizi akishusha mlango wa nyuma anapenyeza mkono, anavuta, amemaliza. Leo mkitoka, fungeni gari kwa rimoti, nendeni nyuma mvute komeo la mlango ule. Katika pikapu nyingi utafunguka, kwa sababu sentroloki inaishia kwenye milango ya kabini. Kama ni hivyo, pesa ya kwanza iende kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Tena angalieni bawaba zake. Milango mingi ya nyuma ikiteremshwa nusu inachomoka upande mmoja bila spana; kibano cha bomba cha kukaza kwa skrubu, kikizungushwa kwenye bawaba hiyo, kinauzuia.

Aina za vifuniko, haraka. Cha turubai ni chepesi na cha kuficha mzigo tu, wembe unakimaliza. Cha paneli ngumu za kukunja ni wastani mzuri. Cha kujiviringisha kina sanduku lake mbele, linakula nafasi ya mzigo, na mirija yake ya maji lazima isafishwe. Cha faibaglasi cha kipande kimoja ni imara, lakini friji haiingii mpaka ukitoe, na kukitoa ni kazi ya watu wawili. Pimeni urefu wa bodi kwa ndani, juu ukingoni, mlango ukiwa umefungwa. Mwenye roli-baa, lile pao la chuma nyuma ya kabini, aulize kwanza kama kifuniko hicho kinapita chini yake.

Na moja la usalama. Dumu la petroli lisijazwe likiwa juu ya laina ya plastiki. Umeme tuli unajikusanya kwenye dumu na hauna pa kushukia. Literemsheni chini kwenye ardhi, bomba la pampu liguse mdomo wa dumu wakati wote wa kujaza.

Haya, maswali. Anayetaka kuuliza ya rangi za laina kupauka juani aanze yeye, maana nilikuwa nayo na sikuifikia.